Hakuna Aliyekuja Kutetea Minyoo

Macroom, Cork
11 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, umekaa karibu na moto, na una hasira kidogo tu, maana siku ukiwa huna hasira kabisa nitajua unaumwa. Mimi sijambo, ila kidole gumba. Juzi ng'ombe mmoja wa huku alinibana na mlango nikimsaidia kuzaa, ndiyo maana mwandiko wangu leo ni wa kuku. Ndama yuko salama. Mwenye ng'ombe alinipa pole, lakini alianza kumpa ng'ombe.

Mvua haikatiki na mkate wa zabibu wa huku hauliki. Vipi huko Ardara? Kondoo wa kule mlimani wameanza kuzaa?

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute bahasha. Dympna McGlinchey amenipigia simu. Ndiyo, Dympna wako, uliyemfundisha kutayarisha vipindi ukamwachia kiti chako redioni. Anataka nizungumze kwenye kipindi cha saa nne asubuhi kuhusu foleni ya kliniki ya sisi tuliobadili jinsia. Amesikia kwamba nimengoja miaka sita na sijaonwa na daktari hata mmoja. Nikasema vizuri, nitazungumza. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekwambia kuna nywele kwenye supu, kwamba kwa ajili ya mizani, yaani pande mbili zisikike, kutakuwa na bwana mwingine kwenye simu kutoka London. Anaitwa Pelham. Kazi yake ni kueleza kwamba watu kama mimi, tulioandikwa wavulana siku tuliyozaliwa, si wanawake na hatutakuwa.

Shangazi, mwaka juzi nilialikwa kwenye kipindi hichohicho, kama daktari wa mifugo, kuzungumzia minyoo ya maini ya kondoo. Nilipewa dakika ishirini peke yangu. Hakuna aliyekuja kutetea minyoo.

Sheria ile ya mizani uliitunga wewe. Naomba umwambie Dympna anipe nafasi bila huyo bwana. Najua umestaafu, lakini najua pia kwamba pale ukikohoa watu wanasimama.

Mwanao,
Líadan

*

Ardara, Donegal
2 Machi

Líadan mwanangu,

Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, kama ulivyoniombea. Sasa imepungua na naweza kushika kalamu bila kuivunja.

Mimi sijambo. Kile kidude changu cha sikioni kinachonisaidia kusikia kimeanza tena kupiga mluzi. Jumapili iliyopita padri alisimamisha mahubiri akaanza kutazama dari, akidhani ndege ameingia kanisani, na mimi nikatazama dari pamoja naye. Miaka thelathini na moja ya kuvaa hedifoni ina malipo yake, basi vumilia barua, maana kwenye simu nasikia mluzi mtupu. Kidole gumba kifunge na kitambaa cha maji baridi. Kondoo wa mlimani wamezaa mapacha kumi na nne. Mwenye kondoo naye yupo.

Ama kuhusu ombi lako, jibu ni hapana, na usininunie. Minyoo haipigi kura wala haina jamaa wanaosikiliza redio. Watu wana jamaa. Mwaka ule nchi nzima ilipopiga kura kuamua kama talaka iruhusiwe, nilikaa kwenye chumba cha mitambo na saa yangu ya kupimia sekunde, nikamkatiza padri katikati ya sala kwa kuwa dakika zake zilikwisha. Wiki iliyofuata nikamkatiza wakili wa upande wa pili akiwa katikati ya chozi. Wote wawili hawakunisalimu mwaka mzima, na hapo ndipo nilipojua nimetenda haki. Kama kaunti hii inaiamini redio yake, ni kwa sababu kila mdomo ulipata dakika zake, hata midomo ambayo ningependa kuishona. Siwezi kuanza kupindisha kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu.

Halafu wewe una ulimi wa wembe. Ulinishinda kwa maneno ukiwa na miaka sita, ukitetea haki yako ya kulala na mwanakondoo. Bwana wa London atakushindaje?

Nami nina swali. Huko Cork mna redio kila kona, na magazeti pia. Kwa nini unataka kuzungumza kwenye hii ya kwetu, ambayo huko uliko haikamatiki hata ukipanda juu ya paa?

Akupendaye,
Shangazi Attracta

*

Macroom
16 Machi

Shangazi,

Pole kwa ndege wa kanisani. Mngempa sadaka pengine angenyamaza.

Huku kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick na nimelazimishwa kupanda gari la maandamano nikiwa nimembeba mbuzi. Mbuzi mwenyewe hajaambiwa. Kidole kimepona, ila ukucha umeamua kuhama.

Sawa, nimekubali. Nimemwambia Dympna nitazungumza na huyo bwana, Alhamisi tarehe 28, kwa simu. Nimejiandaa. Nimeandika mambo matatu kuhusu foleni: watu wangapi ninaowajua wanangoja, kinachowapata wakingoja, na kitu kimoja ambacho madaktari wa vijijini wangeweza kukifanya kesho asubuhi wakiruhusiwa. Ni dakika tano tu nikizungumza polepole. Zinazobaki bwana Pelham achukue, azikaange.

Umeniuliza kwa nini redio ya huko. Nimeizoea sauti ya Fintan Durkan. Nimekua naye. Anavyotangaza vifo vya asubuhi ni kama anakuchagulia ng'ombe mnadani, na hakuna mtangazaji wa Cork anayeweza hilo.

Ile redio ya bluu ya zizini bado inafanya kazi? Nakumbuka ilikuwa haizimwi.

Líadan

*

Ardara
1 Aprili

Líadan mwanangu,

Hujaandika tangu Alhamisi, na sikulaumu. Nimeoka mikate miwili na nimempa jirani yote miwili. Kumekuwa na jua siku nzima, watu hawajui la kufanya nalo.

Nilikisikiliza kipindi. Nilivaa hedifoni zangu za zamani, nikaweka daftari mezani na saa ya sekunde mkononi, na kaseti ikinasa, kama nilivyofanya kila siku ya kazi. Kilipokwisha nikajumlisha. Wewe, dakika kumi na moja na sekunde kumi. Yeye, dakika kumi na moja na sekunde tano. Nilifurahi, nakwambia ukweli. Nikasema Dympna kahitimu, nikafunga daftari, nikainuka kuchemsha chai.

Chai ilipoa. Nilirudi nikairudisha kaseti mwanzo, nikasikiliza tena, safari hii nikipima kitu kingine. Sikuwahi kukipima maishani mwangu. Nilibonyeza saa kila uliposema jambo ulilokuja kulisema, na nikaisimamisha kila ulipokuwa unamjibu yeye. Kuhusu foleni ya hospitali ulipata sekunde arobaini. Sekunde zako nyingine zote ulikuwa unathibitisha kwamba upo. Yeye zake zote alizitumia kwa alichokijia.

Na Fintan. Fintan niliyemfundisha jinsi ya kushika kipaza sauti, alikuuliza saa nne asubuhi, watu wakiwa na mkate mdomoni, mwili wako umefanywa nini na madaktari na kama kilichokuwepo bado kipo. Ulicheka kidogo ukasema ulikuja kuzungumzia madaktari ambao hujawahi kuwaona. Hakuelewa kwamba hilo lilikuwa jibu. Miaka ile askofu alipokuja redioni baada ya kupasuliwa tezi dume, tulimuuliza habari za paa la kanisa. Hatukumuuliza kilichobaki.

Nilikuwa nikijivuna kwamba saa yangu haina upendeleo. Saa haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeiambia ihesabu midomo na isijali midomo hiyo imeulizwa nini. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja, kwa watu wengi ambao siwezi sasa kuwaandikia wote barua. Basi nakuandikia wewe. Nisamehe, mwanangu. Uliniomba jambo dogo nikakupa hotuba.

Nitakwenda kumwona Dympna.

Shangazi Attracta

*

Macroom
29 Aprili

Shangazi mpendwa,

Nimechelewa. Ng'ombe wamenisaidia kuwa na kisingizio. Mbuzi wa maandamano alikula kofia ya diwani na sasa anaheshimika mji mzima.

Umesamehewa, na tena ulikuwa umesamehewa kabla hujaomba, kwa sababu ulikubali kusikiliza mara mbili. Sijui mtu mwingine aliyefanya hivyo. Simchukii hata Bwana Pelham. Alikuwa na adabu. Alizungumza habari zangu kwa upole kama mtu anayeeleza kwa nini hawezi kununua ng'ombe fulani, na ng'ombe nipo palepale nasikia.

Uliniuliza kwa nini redio ya huko, nami nikakujibu upuuzi kuhusu Fintan. Nadhani ulijua ni upuuzi, kwa sababu hukuuliza tena.

Baba anasikiliza kile kipindi kila siku zizini. Ni miaka minne sasa tangu nilipomwambia mimi ni nani, akainuka akaenda kuwatazama kondoo, na hajarudi kutoka kwa kondoo wale mpaka leo. Barua zangu hazijibiwi. Simu anapokea, akisikia ni mimi anasema betri inakwisha, na ile ni simu ya waya. Nikafikiri, redio haiwezi kusema betri inakwisha. Nikafikiri atanisikia dakika kumi nikizungumza mambo yangu kwa akili, kama nilivyozungumza habari za minyoo. Mwaka ule wa minyoo alimwambia kila mtu sokoni kwamba huyo ni wa kwake, ingawa kwangu hakusema neno.

Badala yake amesikia mgeni akieleza kwamba mimi si vile nisemavyo, na mimi nikijitetea kwa sauti inayopanda juu kila mara. Ilikuwa nafasi moja niliyoisubiri, na nadhani nimeiharibu.

Usiniambie alisema nini. Kama alisema, sitaki kujua.

Líadan

*

Ardara
20 Mei

Líadan mwanangu,

Habari za hapa ni nzuri kupita kiasi. Maua ya miiba yamechanua, jirani anaumwa meno, na mimi nimenunua kidude kipya cha sikioni ambacho hakipigi mluzi, kinavuma tu. Padri amefurahi.

Umeniambia nisikwambie alisema nini. Nilipoipata barua yako hapakuwa na la kuficha, kwa maana kaka yangu hakusema chochote. Alikuja kila Jumapili, akala viazi, akaeleza bei ya sufu ya kondoo, akaondoka. Mimi nami sikumwuliza. Sisi Harkin tuna kipaji cha kukaa mezani na tembo tukimpitishia chumvi kama hatumwoni.

Nilikwenda redioni wiki iliyopita na daftari langu. Dympna alinisikiliza vizuri nilipomsomea sekunde zako, kisha akanijibu bila kupandisha sauti.

"Attracta, hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Kila upande dakika zake."

"Nilikufundisha vibaya," nikamwambia. "Aliyealikwa kuzungumzia foleni apingwe na mtu mwenye hoja nyingine kuhusu foleni. Bwana Pelham ana haki ya kusema yake, siku ambayo yake ndiyo mada. Kumpandisha pale kila anapotokea mtu kama Líadan si mizani. Ni kumfanya mgeni alipe kiingilio kabla ya kufungua mdomo."

Fintan alikuwa mlangoni, akasema wasikilizaji wanapenda mjadala mkali. Nikamwuliza kama angependa tujadili kwa ukali, pande mbili, iwapo yeye kweli ni Fintan, na baadaye tuendelee na mwili wake. Akaondoka kutafuta karatasi fulani. Nadhani bado anaitafuta. Dympna aliniambia kuna daktari mmoja Letterkenny anayeamini kwamba foleni isipunguzwe kwa kuwatumia madaktari wa vijijini, na ana sababu zake, na ni mbishi. Anataka mkutane hewani, wewe na yeye, mgombanie foleni na foleni tu. Nikasema nitakuuliza.

Sasa sikiliza. Dympna akatoa jalada la malalamiko ya kipindi kile, akaliweka wazi mbele yangu, akasema anakwenda kuchemsha chai. Si kawaida yake, maana malalamiko ni siri ya ofisi. Chai ile ilichukua muda ambao ungetosha kuchemsha ng'ombe. Kulikuwa na barua tisa. Nne zinasema hukupaswa kupewa nafasi kabisa, tatu zinasema hukupaswa kufanyiwa vile, moja inalalamikia utabiri wa hali ya hewa. Ya tisa ni ile fomu ya kituo, imejazwa kwa kalamu ya kuwekea kondoo alama, ya bluu, tarehe ileile ya kipindi. Nimeinakili neno kwa neno, na kama ni dhambi, padri atanisamehe, maana nimemwondolea ule mluzi.

*Jina la mlalamikaji:* Malachy Harkin, mfugaji.

*Lalamiko:* Nasikiliza kipindi chenu tangu kilipoanza. Leo Fintan Durkan amemkatiza Líadan mara tisa. Nimeweka alama za chaki ukutani. Yule wa London hakukatizwa hata mara moja. Líadan alianza kueleza kwamba amengoja hospitali miaka sita. Sikujua habari hiyo. Nilizima mashine ya kunyoa kondoo nisikie, na hapo mkamwuliza mambo ambayo mtu haulizwi. Mpaka kipindi kinakwisha sikusikia anaumwa nini, anangoja nini, wala nani anamtazama akingoja. Naomba mmwite tena mumwache amalize.

*Una uhusiano gani na aliyehusika?* Ni binti yangu.

Nimeisoma mara nyingi kuliko niliyoweza kuhesabu, na unajua ninavyohesabu. Jina lako sijawahi kulisikia kinywani mwa kaka yangu. Hajui kwamba nimeiona barua hii, na Jumapili nimempitishia viazi kama kawaida, lakini nilimpa vile vikubwa.

Dympna anasema Alhamisi tarehe 13 Juni, ukikubali.

Shangazi Attracta

*

Macroom
27 Mei

Shangazi,

Barua yako niliisoma ndani ya gari uani kwa mteja, mpaka akaja kugonga kioo. Nikamwambia macho yamevimba kwa sababu ya vumbi la majani makavu. Amefuga miaka hamsini na hakuamini, lakini alinipa kitambaa chake kilichonuka ng'ombe, na nikakitumia.

Mwambie Dympna nitakuja. Daktari wa Letterkenny aje na hoja zake zote, anikosoe anavyotaka. Sitazungumza kwa simu, nataka kukaa studioni pale pale na kumwona Fintan usoni. Mpe salamu. Mwambie mimi nina swali moja tu kuhusu mwili wake, nalo ni kama ana minyoo.

Kitanda changu usikitandike kwanza. Alhamisi iliyopita nilimwandikia baba. Nimemweleza habari yote ya hospitali, ninachoumwa, ninachongoja, na nani ananitazama nikingoja, kurasa nne mbele na nyuma, ili asilazimike kusubiri redio. Sikumwambia jinsi nilivyojua kwamba aliuliza. Mwishoni nimeandika kwamba basi langu linafika Ardara Jumatano tarehe 12, saa kumi jioni, na kwamba sanduku langu ni zito.

Leo asubuhi alinipigia simu, akasema, bila hata salamu, "Saa kumi au saa kumi na nusu?" Nikasema saa kumi. Nikasubiri aseme betri inakwisha. Hakusema.

Líadan